Mwaka 1813 kwenye Msalaba wa Chuma hauonyeshi umri wake

Wauzaji wengi wa vitu vya kale huona "1813" nyuma ya Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, na kuutangaza kuwa wa vita dhidi ya Napoleon. Si kweli. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, alianzisha nishani hiyo Machi 1813, na ilipofufuliwa mwaka 1870, 1914 na 1939, mwaka 1813 ulibaki nyuma ya msalaba wa daraja la pili kama kumbukumbu.

Umri husomwa upande wa mbele. Taji, herufi W na 1914 chini ni Vita vya Kwanza vya Dunia. 1870 ni vita na Ufaransa. Swastika juu ya 1939 ni Vita vya Pili. Penye swastika pakiwa na majani ya mwaloni, huo ni muundo wa 1957, uliotengenezwa kwa sababu sheria ya Ujerumani Magharibi ilikataza kuvaa nishani zenye alama ya Wanazi. Misalaba ya 1813 yenyewe ilikuwa mitupu mbele.

Kisha chunguza ukingo kwa kioo cha kukuza. Msalaba halisi wa daraja la pili una vipande vitatu: kiini cheusi, kwa kawaida cha chuma, na nusu mbili za fremu zilizounganishwa kwa lehemu. Tafuta mstari wa muungano. Nakala ya kumiminwa ni kipande kimoja, na tarakimu zake huwa butu. Sumaku hunasa kiini cha chuma, lakini viini vya shaba nyeupe au nyekundu vipo pia, na nakala nyingi nazo ni za chuma, kwa hiyo sumaku pekee haitoshi.

Rangi nyeusi usiisugue kamwe. Ikitoka, thamani hushuka.