Mnofu wa mgongo wa kifaranga huanza kwa pingili

Tukipita kwa wafugaji wa Konde na Wete, Pemba, kupima mayai kwa tochi, swali moja halikosi: hii nyama inatoka wapi, hali yai lina kiini na ute tu? Safari hii aliyeuliza ni bibi mmoja aliyekuwa na yai la siku 4 mkononi. Aliona mishipa ya damu imetanda kama utando wa buibui, na katikati kidoa kinachopwita. Moyo ule ulianza kupiga tangu siku ya 2. Lakini bibi alitaka habari ya mnofu, nami nikamrudisha jikoni kwake.

Changu aliyechemshwa ukimgusa kwa kijiko, nyama yake hubanduka mapande mapande, tangu shingoni mpaka mkiani. Mapande yale ni alama ya namna samaki alivyoumbika. Kuku huumbika kwa njia hiyo hiyo, ila kwake alama zimefutika karibu zote; zilizobaki zimejificha kwenye vimisuli vidogo vilivyoshika mifupa ya mgongo, pale ambapo watu hutafuna mwisho.

Yai likishaatamiwa kwa siku moja hivi, seli zilizotanda juu ya kiini huwa zimeshajipanga upande wa kichwa na upande wa mkia. Kulia na kushoto ya mstari wa katikati huanza kukatika vifundo vidogo, jozi kwa jozi. Kitaalamu huitwa somaiti. Mimi nawaita wanafunzi wangu wavitazame kama pingili za muwa. Jozi mpya hukatika takriban kila dakika 90, kuanzia kichwani kushuka chini, na zote zikikamilika huzidi 50 kidogo.

Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa, wakiongozwa na Olivier Pourquié, walionyesha kwamba seli hizo zina saa ndani yake: kuna jeni inayowaka na kuzimika, na kila mzunguko ukitimia pingili moja hukatika. Saa hiyo haitaki kusumbuliwa. Huko Uingereza, mwaka 1988, ilionekana kuwa joto kali la muda mfupi tu liliharibu pingili za kiinitete, yaani kifaranga anayeumbika ndani ya yai, na kasoro ikajirudia kila baada ya pingili 6 au 7, ingawa joto lilipita mara moja. Ndiyo maana nawasihi wenye mashine za kutotolesha wasikae mbali na kipimajoto siku hizi za mwanzo. Kaeni kwenye nyuzi 37.5 hadi 38, na mashine isiwekwe mahali inapopigwa na jua la mchana.

Pingili ikishakatika, seli zake hugawana kazi. Za ndani, upande wa chini, huwa mifupa ya uti wa mgongo na mbavu. Za juu hubaki zimetandazwa kama karatasi, na kingo za karatasi hiyo hushusha seli chini yake: hapo ndipo misuli ya kwanza inapozaliwa. Ukingo ulio karibu na uti hutoa misuli ya mgongo; ule wa mbali hutoa misuli ya baina ya mbavu na ya tumbo. Pingili zilizo mkabala na mbawa hutoa pia seli zinazohama kwenda kujenga misuli ya bawa. Haya yalithibitishwa kwa njia nzuri mno: Nicole Le Douarin, Mfaransa, aligundua mwaka 1969 kwamba kiini cha seli ya kware kina doa zito ambalo kuku hana, kwa hiyo pingili ya kware ikipandikizwa kwa kuku, seli zake hufuatika popote ziendapo.

Linalonistaajabisha zaidi ni hili. Kama kila pingili ingetoa mfupa mmoja mzima na msuli wake, msuli ungeanza na kuishia juu ya mfupa ule ule, na mgongo usingepinda hata kidogo. Lakini sehemu ya mfupa hukatika katikati: nusu ya nyuma ya pingili moja huungana na nusu ya mbele ya pingili inayofuata, na mfupa mmoja hutokana na pingili mbili. Msuli haukatiki. Unabaki pale pale ulipo, na sasa umevuka kutoka mfupa mmoja hadi wa pili. Ukijikaza, mgongo unapinda.

Kuanzia siku ya 4 hivi kiinitete huanza kujipinda chenyewe. Nilimwambia bibi arudi na tochi yake siku ya 7, giza likishaingia, atulie, atazame mtikisiko. Na siku ya 21 kifaranga akitoka, ampapase kisogoni taratibu kwa kidole. Uvimbe atakaoukuta ni msuli wa shingo uliojaa siku za mwisho ili kusukuma mdomo dhidi ya ganda, nao baada ya siku chache hunywea.