Tinti ya gari: asilimia zinavyohesabiwa, na jinsi ya kuibandua bila kuharibu kioo

"Inaruhusiwa asilimia ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la kila mwenye gari, na halijibiki mpaka ujue hiyo asilimia ni ya nini. Kwenye boksi la filamu, yaani ile plastiki nyembamba ya tinti inayobandikwa kwenye kioo, namba inataja mwanga unaopita. Filamu ya 35 inapitisha asilimia 35 na kuzuia 65. Ya 5 ni giza tupu, na ya 70 utaitambua kwa shida. Wateja wengi wanaisoma kinyume, wakidhani namba ikiwa kubwa na giza linaongezeka. Ukimwambia fundi "niwekee 20, nataka nyepesi tu", utakabidhiwa gari ambalo usiku huwezi kurudi nyuma bila kushusha kioo na kutoa kichwa nje.

Jambo la pili ndilo linalowaponza hata wanaojua namba. Trafiki mwenye mita ya mwanga hapimi filamu peke yake, anapima kioo pamoja na chochote kilichobandikwa juu yake. Kioo kitupu cha gari hakipitishi mwanga wote. Vioo vingi vya milango ya mbele vinapitisha kati ya 70 na 80, kwa kuwa kioo chenyewe kina ukijani hafifu. Ili kupata jumla unazidisha, hutoi. Kioo cha 75 kikibandikwa filamu ya 35 ni 0.75 × 0.35, yaani 26. Umenunua 35, unaendesha na 26. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoziangusha filamu zinazonadiwa kuwa "hazionekani": kioo cha 77 na filamu ya 90 vinatoa 69, na penye sheria ya 70 umeshafeli, hata kama kwa macho kioo kinaonekana cheupe kabisa.

Viwango vyenyewe vinatofautiana sana. Japani inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau 70, na kuanzia nyuma ya dereva haijaweka kikomo. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1986, inataka 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa milango ya mbele kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985. Kwa magari ya zamani zaidi ya hapo ni 70 kote, na vioo vya nyuma haviguswi. Afrika Kusini ni 70 kwa kioo cha mbele na 35 kwa vilivyobaki. Falme za Kiarabu wanaruhusu tinti ya asilimia 50 kwenye vioo vyote isipokuwa cha mbele, kiwango kilichopandishwa kutoka 30 mwaka 2017. Ukitazama hiyo 30 ya zamani utaona kwamba wao huhesabu giza, si mwanga. Marekani kila jimbo lina lake: Texas wanakubali 25 kwenye milango ya mbele, California wanataka 70, kwa hiyo gari lisilo na kosa Houston lina kosa Los Angeles. Kenya wameondoa mjadala kwa matatu na magari mengine ya abiria, kwani tinti hairuhusiwi.

Kanuni ya Japani inatuhusu kuliko tunavyodhani, maana ndiyo iliyotuletea magari yenye vioo vyeupe mbele na vyeusi nyuma. Weusi huo mara nyingi si filamu. Ni rangi iliyochanganywa ndani ya kioo kiwandani, na hakuna wembe wala moto utakaoitoa. Kabla hujamlipa mtu akubandulie, hakikisha kuna cha kubandua. Shusha kioo cha mlango sentimita mbili utazame ukingo wa juu. Filamu huishia milimita moja hadi tatu kabla ya ukingo, ikaacha mstari mweupe, na kucha ikipitishwa kwa ndani inakwama hapo. Kioo cha kiwandani kina rangi mpaka kwenye unene wake.

Kwa vioo visivyoshuka, soma maandishi madogo yaliyochomwa kwenye kona. Kioo chenye alama ya Ulaya, herufi E ndani ya duara pamoja na 43R, kikiwa kinapitisha chini ya 70 huandikwa pia herufi V. Kwa mfumo wa Marekani, AS1 na AS2 ni vioo vya 70 kwenda juu, na AS3 ni chini ya 70. Ukikamatwa kwa vioo vya nyuma vya kiwandani, alama hiyo ni hoja nzuri zaidi ya "nimelinunua hivyo hivyo". Ukiona AS3 na bado kuna mstari wa filamu ukingoni, basi mtu amebandika tinti juu ya kioo cheusi tayari. Kioo cha 20 na filamu ya 35 ni 7, na hapo kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kimebaki pambo.

Niseme na hili: giza si ubaridi. Takriban nusu ya nishati ya jua inakuja kwenye mionzi isiyoonekana kwa macho, ile ya infraredi, na filamu rahisi ya rangi inaiacha ipite. Filamu nzuri ya seramiki ya 70 inaweza kukupoza kuliko ya rangi ya 20. Zile zenye chembe za metali zinazuia joto pia, ila zinasumbua redio, GPS na mtandao wa simu ndani ya gari.

Kubandua

Adui hapa ni gundi. Filamu ni plastiki ya poliesta, nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na ikiwa na joto la kutosha inatoka nzima pamoja na gundi yake. Ikivutwa baridi inachanika vipande, au tabaka la juu linatoka na kuacha la chini limeng'ang'ania. Filamu iliyogeuka zambarau au kutoa mapovu ndiyo yenye tabia hiyo zaidi, kwa sababu jua limekwisha kuipikia gundi kwenye kioo. Kwa hiyo dakika unazoona unazipoteza kwenye kupasha moto utazipata mara kumi kwenye kukwangua.

Kifaa ninachokipendelea ni mashine ndogo ya mvuke, hata ile ya kunyooshea nguo. Mvuke unapasha na kulowesha kwa pamoja, na haufiki joto la kupasua kioo. Drayer ya nywele inafaa kwa milango. Hita ya fundi inayopuliza hewa ya moto nayo inafanya kazi, ila isogezesogeze muda wote, umbali wa sentimita kumi au zaidi, na usiielekeze kwenye kioo cha mbele. Kile ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, na kikiwa na ufa mdogo wa kokoto, joto la sehemu moja litaurefusha mbele ya macho yako. Kwa sababu hiyo hiyo usimwage maji baridi kwenye kioo chochote kilicho moto.

Andaa pia chupa ya kupulizia yenye maji lita moja na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, skrepa yenye nyembe mpya kama tano, spiriti, na taulo tatu au nne. Taulo moja ikunje uiweke chini ya kioo, juu ya kava ya mlango. Maji yakiingia ndani ya mlango yatatoka kwa matundu ya chini, lakini yakiingia kwenye swichi za vioo umenunua swichi.

Shusha kioo kidogo mpaka ukingo wa filamu uonekane. Pasha kona moja ya juu kwa dakika moja au mbili. Gusa kioo upande wa nje: kiganja kisipovumilia zaidi ya sekunde mbili tatu, joto linatosha. Inua kona kwa ncha ya wembe, shika kwa vidole vya mikono miwili ili mvuto usambae, kisha vuta polepole, sentimita moja au mbili kwa sekunde, mvuke ukitangulia palepale filamu inapoachia. Ukisikia mlio wa kuchanika au ukiona kioo kinabaki na ukungu mweupe wa gundi, simama upashe tena. Kuongeza nguvu hapo ndiko kunakozaa kazi ya saa mbili kwenye kioo kimoja.

Pasipo umeme, tumia jua. Chukua nailoni nyeusi, ile ya maduka ya vifaa vya ujenzi inayouzwa kwa mita, uikate kwa umbo la kioo na kuibandika nje kwa maji ya sabuni. Kwa ndani pulizia maji ya sabuni, kisha funika kwa kipande kingine. Egesha kioo kikielekea jua kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa saba mchana, ukipulizia tena kila kinapokauka. Wengine huweka amonia ndani badala ya sabuni. Inalegeza gundi kweli, ila inaharibu ngozi ya siti na plastiki za dashibodi, na mvuke wake unachoma macho na mapafu. Ukiamua kuitumia, funika kila kitu, vaa glavu, acha milango wazi, na Jik isikaribie hapo kabisa, kwani vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu.

Gundi iliyobaki iloweshe, usiikwangue kavu. Tandaza karatasi za jikoni au gazeti juu yake, zimwagie maji ya sabuni, uache nusu saa. Kisha skrepa, nyuzi 30 hivi kutoka kwenye kioo, kwenda mbele tu. Ukiirudisha nyuma ikiwa imegusa kioo, unaburuta mchanga chini ya wembe. Badilisha wembe kila ukimaliza kioo kimoja. Vioo vya milango vimepikwa kwenye tanuru na kupozwa ghafla ili vikivunjika vitoke punje butu, na baadhi vina chembe ndogo za kioo zilizogandia juu yake wakati wa kupikwa. Wembe ukiing'oa chembe moja na kuiburuta, mkwaruzo wake hautoki. Ukihisi mkwaruzo mkononi, acha wembe, malizia kwa skrepa ya plastiki na spiriti. Asetoni iweke mbali. Inayeyusha plastiki za mlango kabla haijamaliza gundi.

Kioo cha nyuma ni hadithi nyingine. Mistari ya kahawia inayokipasha ili kuondoa ukungu imechapwa upande wa ndani, na filamu imekaa juu yake. Kwenye magari mengi antena ya redio pia iko hapo, au kwenye vioo vidogo vya pembeni. Wembe wa chuma hauruhusiwi hapa. Pita nao mara moja kukata mistari na umeua sehemu ya kioo. Fungua kwanza kava ya taa ya breki ya juu kama inaziba filamu. Tumia mvuke kwa muda mrefu zaidi, dakika tano hadi kumi kabla ya kuvuta, na uvute kwa kufuata mistari, kulia au kushoto, badala ya kushuka chini. Gundi iloweshe mara mbili hata tatu, usugue kwa sponji ya plastiki isiyokwaruza, nayo ikifuata mistari. Ile gundi ya kwenye vitone vyeusi vya ukingoni haitoki kwa kitambaa, inataka mswaki na spiriti.

Fundi akikwambia mistari haina maana kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ana hoja kidogo. Mwambie hivyo mtu wa Njombe au Mbeya asubuhi ya Juni.

Kazi ikiisha, pulizia kioo pumzi au mvuke kidogo kwa nje, washa swichi ya kupashia na utazame. Kila mstari mzima utafuta njia yake kwenye ukungu, na uliokatika utabaki na ukungu. Kupata palipokatika, chukua multimita, ile mita ndogo ya mkononi ya mafundi umeme, uiweke kwenye volti za DC. Waya mweusi uguse bodi, mwekundu utembeze kwa upole juu ya mstari kuanzia upande wa umeme. Mstari mzima unashuka taratibu kutoka 12 kwenda sifuri, na katikati utasoma kama 6. Uliokatika unabaki 12, kisha ghafla sifuri, na hapo ndipo penye jeraha. Safisha kwa spiriti, bandika utepe juu na chini ya mstari ukiacha upana wake tu, paka wino wa fedha unaopitisha umeme ukivuka jeraha kwa sentimita moja kila upande, kisha toa utepe kabla haujakauka. Swichi usiiwashe mpaka zipite saa 24.