Besiboli: kimo cha mtoto si umri wake

Zamani mtoto wa Mombasa akipelekwa darasa la kwanza alipimwa kwa mkono: aupitishe juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, basi umri umetimia. Kipimo hicho kina wajukuu hadi leo. Mzazi akitaka mwanawe acheze besiboli humtazama kimo, akasema, "Huyu ni pande la mtu, mwekeni na wakubwa."

Lakini watoto wawili wa miaka 11, mmoja keshaanza kubalehe na mwingine bado, huweza kupishana kichwa kizima.

Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanza Marekani mwaka 1939, huanzia kwenye tarehe ya kuzaliwa. Umri wa msimu ni ule atakaokuwa nao mtoto 31 Agosti ya mwaka huo. Chukua wawili wa Kibokoni, Mombasa: mmoja kazaliwa 30 Agosti 2014, mwenziwe 2 Septemba mwaka huohuo. Aprili 2026 wote wana miaka 11, ila wa kwanza anahesabiwa 12. Mwaka unaofuata huyo anatoka daraja la Majors, la miaka 9 hadi 12, mwenziwe anabaki. Hapo ndipo wazazi hudhani kuna upendeleo.

Uwezo nao una nafasi yake, maana madaraja hupandana: wa miaka 10 anaweza kuwekwa Minors, daraja la chini yake, au Majors, kocha akishaona anavyodaka na kurusha. Kuruka daraja zima ni jambo jingine. Katika Majors, kutoka kituo kimoja cha kukimbilia hadi kingine ni kama mita 18. Daraja la Junior, la wakubwa zaidi, ni mita 27, na mkono wa mtoto mrefu bado ni wa mtoto.