Mkaa hauligusi jiwe: nini hasa hukawiza chuma kutoka

Ukiwasha jiko la mkaa gizani, tazama juu ya makaa yaliyokolea. Utaona vimiali vya buluu vikicheza, vikizimika na kurudi. Hiyo ni kaboni monoksaidi inayoungua. Ndiyo gesi inayoua watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa, na ndiyo hiyohiyo inayotoa chuma kwenye jiwe.

Wengi hudhani mkaa huinyang'anya hematiti, yaani jiwe la chuma kilichoshikana na oksijeni, oksijeni yake kwa kugusana nayo. Hutokea, lakini kidogo mno. Bana punje mbili za mchanga kwa vidole: zinagusana kwa ncha tu. Chuma cha kwanza kikishatokea penye ncha hiyo, kinakuwa ukuta kati ya jiwe na mkaa. Inayosafiri ni gesi. Kaboni monoksaidi huingia kwenye vitundu vya jiwe, hubeba oksijeni, hutoka ikiwa kabonidioksaidi. Hii nayo ikikuta mkaa uliowiva kwa moto humega kaboni, na molekuli moja huwa mbili za kaboni monoksaidi, tayari kurudi kazini. Mmenyuko huo wa mkaa umepewa jina la mkemia Mfaransa, Boudouard.

Msafara hufuata mwendo wa aliye mzito, na hapa mara nyingi mzito ni mkaa. Chini ya nyuzijoto 900 hivi mmenyuko wa Boudouard hujikongoja, tena hula joto, kwa hiyo hupoza palepale unapotokea. Ndiyo sababu unga wa hematiti uliochanganywa na grafiti, kaboni ya kwenye penseli, hukawia, ilhali uliochanganywa na mkaa wa miti, kwa joto lilelile, hukimbia. Mkaa wa miti una vitundu vingi, na majivu yake yana potasiamu, ambayo huchochea mmenyuko. Maabara tunaning'iniza sampuli kwenye mizani ndani ya tanuri na kutazama uzito ukishuka. Huhitaji hesabu ngumu kuona tofauti.

Mwendo wenyewe si sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Gramu 100 za hematiti safi zina gramu 30 za oksijeni. Kuifikisha kuwa magnetiti, oksidi ya chuma yenye oksijeni pungufu kidogo, kunaondoa sehemu moja tu kati ya tisa za oksijeni hiyo, na ni kazi nyepesi. Kisha huja wustiti, oksidi yenye oksijeni pungufu zaidi. Kutoka hapo hadi chuma kuna karibu theluthi mbili za oksijeni yote, na wustiti ni bahili: kwa nyuzijoto 1000 haiachii kitu mpaka kaboni monoksaidi ivuke asilimia 70 ya mchanganyiko wa gesi hizo mbili. Mkaa ukizembea kuizalisha, kila kitu husimama.

Jiwe likiwa kubwa, tatizo huhamia ndani yake. Gesi sharti ipenye tabaka la chuma lililokwisha kutokea nje, na pale kupenya huko kunapotawala, kupunguza kipenyo kwa nusu hupunguza muda hadi robo. Kuponda jiwe vizuri si usafi wa kazi tu.

Wafua chuma wa Buhaya, mkoani Kagera, waliyajua haya kwa mikono. Miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri mbele ya watafiti: shimo la chini wakalijaza nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa mkaa, na mawe yao wakayachoma kwanza juu ya kuni. Kuchoma huko hulipatia jiwe nyufa na vitundu, yaani njia za gesi.

Jiwe la Liganga, wilayani Ludewa, ni kaidi zaidi. Ni magnetiti yenye titaniamu na vanadiamu. Imeshikana, na titaniamu huifanya oksidi ya chuma iwe ngumu kuachia oksijeni. Dawa mojawapo ni kulichoma hewani kwanza ili magnetiti igeuke hematiti. Hematiti ikianza kupoteza oksijeni hufura, ikapasuka, na gesi ikapata pa kupita. Mantiki ni ileile ya kuni za Buhaya.