Demokrasia ya moja kwa moja na demokrasia ya uwakilishi: simu janja inabadilisha nini?

Katika demokrasia ya moja kwa moja, mwananchi anapigia kura jambo lenyewe. Katika demokrasia ya uwakilishi anampigia kura mtu, na mtu huyo ndiye anayeamua kwa niaba yake hadi uchaguzi mwingine.

Mkazi wa kijiji kilichoko wilaya ya Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, anaishi ndani ya zote mbili. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, ni demokrasia ya moja kwa moja, tena yenye meno: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Halmashauri yenyewe, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni uwakilishi, sawa na diwani kwenye kata na mbunge jimboni. Ushirika wa korosho umejengwa hivyohivyo. Kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kila mwanachama ana kura moja, awe amepeleka ghalani gunia mbili au mia mbili. Kwenye chama kikuu, kinachounganisha AMCOS nyingi, wanakwenda wajumbe waliotumwa.

Wengi wanasema uwakilishi ulikuwepo kwa sababu ya umbali tu, kwa hiyo sasa kila mtu ana simu, wabunge wa nini? Umbali ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni muda. Bajeti ya wilaya ni kitabu kizima, na aliyetoka kupalilia mikorosho hawezi kukisoma usiku akapambanua kifungu kwa kifungu. Halafu kuna mjadala: mwakilishi akisikia hoja nzuri anaweza kurekebisha pendekezo. Kura ya ndiyo au hapana hairekebishi chochote.

Mnada wa korosho unalionyesha hilo waziwazi. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei za wanunuzi zinaonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika wanakubali kuuza au wanakataa. Uamuzi ni wao, lakini ni juu ya bei iliyoletwa. Makato, ubora wa ghala na tarehe ya malipo vinaamuliwa kwenye vikao vingine, na huko mkulima anahitaji mjumbe anayejua kuuliza.

Intaneti na demokrasia ya moja kwa moja ni vitu viwili tofauti. Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za ubunge zilipigwa hivyo, lakini walikuwa wanachagua wawakilishi. Uswisi ndiko wananchi wanakopigia kura mambo mengi zaidi, na huko hawana haraka: wananchi wakitaka kubadili katiba wanahitaji sahihi 100,000 ndani ya miezi 18, kisha pendekezo linapita serikalini na bungeni kabla ya kura.

Sasa tazama kundi la WhatsApp la kijiji. Swali linatumwa: "Tumpe mwekezaji ekari 200, ndiyo au hapana?" Aliyeandika swali ameshaamua nusu ya jibu, maana hakutaja ni kwa miaka mingapi, ni upande gani wa mto, wala kijiji kitapata nini. Wanaojibu haraka ni vijana wenye bando, pamoja na wazawa walioko Dar es Salaam ambao si wakazi tena. Bibi mwenye simu ya tochi, ambaye shamba lake linapakana na hizo ekari, hayumo. Mwenye laini mbili kapiga kura mbili. Na kila mtu anaona jina la aliyekataa. Estonia wamelikabili tatizo hilo la mwisho kwa kumruhusu mpiga kura apige tena, na kura ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, hivyo aliyeshurutishwa anaweza kurekebisha baadaye. WhatsApp haina utambulisho wala siri ya namna hiyo.

Kwa hiyo kura ya kwenye kundi isichukuliwe kuwa uamuzi wa kijiji. Kundi lina kazi kubwa kabla ya mkutano, na hapo ndipo vijiji vingi vinapoteza nafasi. Wiki moja kabla, mtendaji atume ajenda, picha za taarifa ya mapato na matumizi, na ramani ya eneo linaloombwa. Nakala hizohizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo na ziende kwa wenyeviti wa vitongoji, ili wasio na simu wasiachwe. Maswali yakusanywe mapema, yaletwe mkutanoni yajibiwe mbele ya wote. Kura ipigwe palepale, waliohudhuria wajiandikishe, na idadi ya waliokubali na waliokataa iingie kwenye muhtasari. Muhtasari ukishasainiwa, upigwe picha siku hiyohiyo na kurudishwa kwenye kundi, kabla karatasi yenyewe haijaondoka kijijini kwenda wilayani.