Je, wajua? Si kila anayemwingilia mnyama ana zoofilia

Mtaalamu wa saikolojia anapoletewa mtu aliyemwingilia mnyama, jambo la kwanza analotafuta ni hili: je, wanyama ndio wanaomvuta kimapenzi, au alimtumia mnyama kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu? Mahali ambapo sheria inakataza tendo hilo, jibu halifuti kosa. Kitabibu, hata hivyo, jibu hilo ndilo msingi wa kila kitu, maana zoofilia ni jina la mvuto wenyewe: ashiki nzito na ya kudumu kwa wanyama. Wapo wenye mvuto huo ambao hawajawahi kumgusa mnyama kwa nia hiyo. Wapo pia waliofanya tendo mara moja, kwa ulevi, udadisi wa ujana au kulazimishwa na mtu, bila mvuto wowote.

Kuchanganya mambo haya mawili kumeharibu sana tafsiri ya takwimu. Mwaka 1948 Alfred Kinsey, mtafiti wa tabia za kingono wa Marekani, aliripoti kwamba takriban asilimia 8 ya wanaume waliwahi kufanya tendo la namna hiyo. Ripoti yake ya 1953 ikataja asilimia 3.6 kwa wanawake waliokwisha kubalehe. Namba hizo hunukuliwa hadi leo kana kwamba ndiyo idadi ya wenye zoofilia. Sivyo hata kidogo. Kinsey alihesabu matendo, na watu aliowahoji hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Hata wafungwa walikuwemo. Tafiti za baadaye zilizokusanya washiriki kupitia intaneti zina kasoro nyingine: wanaojitokeza zaidi ni wale ambao tayari wameikubali hali yao.

Vitabu vya uainishaji wa magonjwa navyo vimeyumba. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM, katika toleo lake la tatu (DSM-III) la 1980, uliipa zoofilia nafasi yake. Toleo la 1987 likaisukuma kwenye fungu la mengineyo, na huko ndiko iliko mpaka sasa. DSM-5 ya 2013 iliongeza tofauti muhimu: parafilia, yaani mvuto usio wa kawaida, si ugonjwa peke yake. Huwa ugonjwa ukidumu angalau miezi 6 na kumletea mtu taabu kubwa, kumvurugia maisha, au kusababisha madhara kwa wengine.

Je, mnyama ni miongoni mwa hao "wengine"? ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inajibu waziwazi. Katika msimbo 6D35 inawataja wanyama kama mfano wa viumbe wasioweza kutoa ridhaa. Hapo mvuto wa kudumu huhesabiwa ugonjwa mtu akiutekeleza, au ukimtaabisha sana hata kama hajatenda. Naona huu ndio msimamo ulio wazi zaidi, kwa kuwa unamlinda mnyama bila kumwita mgonjwa kila mwenye mawazo hayo.

Mwaka 2011 Anil Aggrawal, mtaalamu wa tiba ya kisheria kutoka India, alipendekeza makundi 10, kuanzia wanaojifanya wanyama wakiwa na binadamu wenzao hadi wasiotaka chochote isipokuwa mnyama. Orodha hiyo inasaidia kupanga kesi, ila inaweka mvuto, fursa na ukatili kwenye ngazi moja. Anayesisimka kwa kumtesa mnyama anasukumwa na maumivu anayoyasababisha, hivyo tathmini yake lazima ichunguze usadisti (raha ya kutesa) na hatari kwa binadamu pia.