Laptopu imekuwa nzito? Tazama diski kabla hujanunua RAM

Laptopu za mtumba kama ThinkPad, EliteBook na Latitude zimejaa madukani Kariakoo na Luthuli Avenue, na ikianza kuburuta utaambiwa "ongeza RAM", yaani kumbukumbu inayoshika kazi ulizofungua. Kuna siku ushauri huo ni sahihi. Mara nyingi, lakini, mzito ni diski, na hiyo RAM utakayoilipia hutaiona kazi yake.

Kupima ni dakika kumi. Fungua kila kitu unachokifungua siku ya kazi: Chrome na vichupo vyake vyote, Excel, WhatsApp ya kompyuta. Ikishaanza kukwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka ingia Performance.

Anza na Disk. Ikiandika HDD (diski ya zamani inayozunguka), na imeganda kwenye asilimia 100 wakati Memory iko 50 au 60, mchawi umempata. HDD ya inchi 2.5 husoma faili kubwa kwa takriban MB 100 kwa sekunde, ila Windows inapowaka huokota maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na sindano ya diski hushinda ikirukaruka kuvitafuta. Kasi huanguka hadi MB moja au mbili. Hapo weka SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, hata ya GB 256 ya SATA. Hakuna RAM itakayoitibu HDD.

Sasa Memory. Usiishie kwenye asilimia. Tazama chini palipoandikwa Committed, pana namba mbili za GB: kiasi programu zilichoomba, na kikomo, yaani RAM pamoja na nafasi ya akiba kwenye diski. Mashine ya GB 8 ikionyesha 5.1/9.2, RAM inatosha, iache. Ikionyesha 10.6/12.8 na Available imebaki chini ya MB 500, programu zimeomba zaidi ya kilichopo na Windows inahamishia ziada kwenye diski. Ndiyo maana ukirudi kwenye kichupo cha zamani kinasubirisha. Huyo anahitaji RAM kweli. Na mwenye GB 4 pamoja na HDD anahitaji vyote viwili, ila kama hela ni ya kimoja, mimi humwambia aanze na SSD, kwa sababu hata huko kuhamisha ziada kutakuwa kwepesi.

Usipite CPU bila kutazama Speed. Ikikwama kwenye 0.8 GHz ukiwa katikati ya kazi, shida ni joto, vumbi kwenye feni, au chaja. Dell hasa hupunguza kasi ya prosesa isipoitambua chaja, na chaja za bandia ni nyingi.

Ukishathibitisha ni RAM, swali linalofuata ni kama inaongezeka. Kwenye ukurasa uleule wa Memory, Form factor ikisema SODIMM kuna kipande kinachochomolewa. Ikisema Row of chips, imelehemiwa kwenye bodi. Slots used usiiamini sana, kwani baadhi ya mashine huhesabu hata iliyolehemiwa. Tafuta modeli yako. Kwa ThinkPad, T480 ina sloti mbili, T480s ina moja na nyingine imelehemiwa, X240 ina moja tu, kwa hiyo hapo hauongezi, unabadilisha. X280 na X1 Carbon sahau kabisa. Hakikisha pia Windows yako ni ya biti 64. Ya biti 32 haivuki GB 4 hata uijaze vipi.

Dukani soma stika ya kipande, usisikilize maneno. Hapa ndipo hela nyingi hupotea. PC3-12800S na PC3L-12800S (zote ni DDR3) zina pini 204 zilezile na zinaingia sloti ileile, lakini ya kwanza ni ya volti 1.5 na yenye L ni ya 1.35. Laptopu za Intel kizazi cha nne zinataka yenye L. Ukiziwekea isiyo na L, mara nyingi taa ya pawa itawaka na skrini itabaki nyeusi. DDR4, inayoandikwa PC4, ina pini 260 na pengo lake liko mahali pengine, kwa hiyo haiingii kwenye sloti ya DDR3, usiilazimishe. Ukichanganya spidi mbili, zote zitakwenda kwa ile ya chini. Hilo halina madhara.

Kabla ya kufungua, zima na chomoa betri. ThinkPad zenye betri ya ndani, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwa F1, Config, Power, kisha Disable Built-in Battery. Ingiza kipande kikiwa kimeinama kama digrii 30, sukuma mpaka mstari wa dhahabu uzame karibu wote, ndipo ukilaze mpaka vishikio vya pembeni vilie "ta". Kosa la wengi ni kukilaza kabla hakijazama.

Mara ya kwanza skrini inaweza kuchelewa, nyingine hufika hata dakika nzima. Ikizidi dakika mbili, jaribu kipande kimoja kimoja katika kila sloti. Miguu ya kipande cha mtumba ifute taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi lake, rudisha.

Ikiwaka, bado. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, uiache ipime RAM. Kosa hata moja likitokea, chomoa na ujaribu tena kwenye sloti nyingine; likijirudia, kirudishe dukani risiti ikiwa bado mbichi.